Kipato laki tisa, ada karibu milioni moja na nusu: binti aende inglishi midiamu au tukomae na kayumba (shule ya serikali)?

#1 Baba Nasra wa Kivule
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wenye namba, siyo wa kunitia moyo.

Nipo duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mkononi napokea 650,000. Mama Nasra ana genge, mwezi ukikubali anabakiza 250,000. Tumepanga vyumba viwili huku Kivule, pembezoni mwa Dar, 120,000 kwa mwezi. Binti anatimiza miaka mitano Desemba hii ya 2025, kwa hiyo Januari 2026 lazima aanze awali mahali fulani. Kuna shule binafsi vituo vitatu kutoka nyumbani, nimechukua fomu yao, mchanganuo ni huu:

Ada 1,450,000 kwa awamu nne
Gari 480,000
Chakula 300,000
Sare, sweta, nguo za michezo, madaftari, rimu, tishu 210,000
Fomu na usaili 20,000

Jumla 2,460,000. Ukigawa kwa miezi 12 ni 205,000.

Shule ya serikali ipo dakika kumi kwa mguu. Nilipita nikachungulia dirishani, watoto wa awali wamekaa kwenye mkeka wamebanana, mwalimu mmoja. Mama yake anasema tujinyime. Mimi najiuliza: kuna mtu wa kipato hiki ameweza mpaka mwisho? Au watu wanaanza kwa mbwembwe, mtoto akifika la tatu wanamrudisha kayumba usiku usiku majirani wasione?

#2 Chaurembo
Nimekaa siti ya mbele. Uzi huu unanihusu.

#3 Mhasibu wa Mtaa
Umetaka namba, chukua. Awali mwaka mmoja, msingi miaka saba, jumla minane. 2,460,000 mara 8 ni 19,680,000. Hapo ada haijapanda hata shilingi, na itapanda. Kwa hela hiyo una kiwanja Chanika na msingi umeshamwaga.

Halafu laki tisa yako toa kodi, toa hiyo 205,000, unabaki na 575,000. Humo kuna chakula, umeme, nauli yako ya Kariakoo kila siku, kuugua, misiba na harusi za ndugu. Genge likiyumba miezi miwili tu umekwisha.

#4 Kitunguu Maji
Acheni kumtisha mwenzenu. Kima cha chini si kimepanda hadi laki tano? Amwambie bosi wake amwongeze.

#5 Msemakweli
Nyie wawili mnampotosha mleta mada.

Kitunguu, laki tano ni ya watumishi wa umma, ilitoka 370,000 kuanzia Julai 2025. Duka la Kariakoo halihusiki. Sekta binafsi wana amri yao ya mishahara, inakwenda kwa aina ya kazi, na mtu anayepokea 650,000 tayari yuko juu ya kima. Bosi atamcheka.

Mhasibu, msingi siyo miaka saba tena kwa huyo binti. Sera ya elimu toleo la 2023 imeshusha hadi sita. Akianza awali 2026, la kwanza ni 2027, anamaliza la sita 2032. Kwa hiyo ni miaka saba pamoja na awali, 17,220,000.

#6 Mhasibu wa Mtaa
Sawa, umempunguzia milioni mbili na ushee. Kiwanja bado anacho, msingi ndo hatamwaga wote.

#7 Mama Tausi
Baba Nasra, nisome vizuri maana mimi nimelipa.

Mwanangu nilimpeleka inglishi midiamu moja ya mtaani, jina naliacha. Awali mpaka la pili. Kila wiki madaftari yanakuja yamejaa vema nyekundu, mwalimu ameandika vizuri sana, kachora na nyota. Mume wangu akawa anawaonyesha wageni. Siku moja nipo naye mezani, anasoma ukurasa mzima kwa Kiingereza kama maji. Nikaweka kidole juu ya neno moja katikati, nikamwambia anza hapa. Kimya. Nikahamisha kidole mstari wa juu. Kimya. Nikamwambia haya anza mwanzo, akaachia mpaka mwisho bila kuangalia kitabu. Ukurasa wote alikuwa ameukariri kwa wimbo. Herufi hazijui.

Kwenda kuuliza, nikakuta mwalimu mwenyewe ni binti aliyemaliza kidato cha nne juzi, analipwa laki na nusu, na hiyo laki na nusu ina miezi miwili hajaipata. Ada yangu ilikuwa inajenga ghorofa ya mwenye shule.

Sasa hivi yupo kayumba la nne, anasoma Kiswahili vizuri, Kiingereza anakokota. Sikuambii usiende. Nakuambia kabla ya kulipa beba gazeti au kitabu chochote, omba mtoto wa la pili wa shule hiyo akusomee mbele yako, ukurasa utakaouchagua wewe.

#8 Chaurembo
Mama Tausi hiyo ya kidole naiiba leo leo. Wangu yupo hapa anaimba "a for apo" tangu asubuhi.

#9 Mwalimu wa Chaki
Naomba niseme kwa upande wa pili. Ni mwalimu wa serikali, darasa la kwanza, Kanda ya Ziwa.

Nina watoto 132 kwenye chumba kimoja. Uwiano unaotakiwa ni 45. Nikitoa zoezi la "ba be bi bo bu" na kusahihisha kila daftari kwa dakika moja, ni saa mbili na dakika kumi na mbili. Kipindi ni nusu saa. Kwa hiyo nafanya safu mbili leo, safu mbili kesho. Aliyekaa nyuma kabisa anaweza kumaliza wiki sijaona anavyoshika penseli. Siyo kwamba hatujui kufundisha. Walimu wengi wa serikali wana cheti au diploma ya ualimu, tofauti na huyo binti wa Mama Tausi. Ruzuku ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo humo kuna fungu la vitabu.

Kama unanunua kitu inglishi midiamu, nunua idadi ya watoto darasani. Hesabu vichwa. Ukikuta nao wamejaza 60, rudi nyumbani.

#10 Kitunguu Maji
Mwalimu, swali la kichokozi. Wa kwako anasoma wapi?

#11 Mwalimu wa Chaki
Wa kwanza yupo inglishi midiamu. Kwa mkopo wa benki. Na bodi ya mikopo wananikata asilimia 15 yao kila mwezi. Cheka tu mkuu.

#12 Kitunguu Maji
Hahahaha. Mpishi hali chungu chake. Nimemaliza mimi.

#13 Mdadisi Mkuu
Tusiharakishe. Hawa wa binafsi wanafaulu kwa sababu gani hasa? Mwalimu anasema idadi darasani. Mimi nasema mchujo. Mtoto anafanya usaili kabla ya kuingia, akizubaa la tatu mzazi anaitwa, "mtoto wako hatutaweza kwenda naye", ili upimaji wa la nne usiharibu wastani wa shule. Wanaobaki wote ni wale ambao hata ukiwafundishia chini ya mwembe watafaulu. Halafu wazazi wao ni watu wanaofuatilia, maana wametoa hela. Mpeleke mzazi wa namna hiyo kayumba, mtoto atafaulu vilevile.

Ndiyo maana naona Baraza la Mitihani lilifanya vizuri kuacha kutangaza kumi bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022. Ilikuwa ni kuwapigia debe la bure wanaochuja.

#14 Dada wa Mikocheni B
Mdadisi, mzazi anayefuatilia atamfuatilia nani mwenye watoto 132? Atapanga foleni kumwona mwalimu?

Na mmesahau lugha. Sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa kayumba anafika kidato cha kwanza anakutana na fizikia, baiolojia na jiografia kwa lugha ambayo hajawahi kuongea hata siku moja. Mimi nilipitia hapo. Kidato cha kwanza chote nilikuwa nanakili ubao bila kujua nimenakili nini. Mwanangu sitaki apite huko.

#15 Msemakweli
Siku hizi Kiingereza kinafundishwa kuanzia darasa la kwanza hata serikalini, tangu mtaala mpya ulipoanza Januari 2024. Zamani kilianzia la tatu.

#16 Dada wa Mikocheni B
Kinafundishwa kama somo. Hisabati na sayansi bado ni Kiswahili. Vipindi vichache kwa wiki na yule yule mwalimu wa 132. Usichanganye.

#17 Mzee Kibuyu
Nyie wote vijana. Tulisoma msingi kwa Kiswahili, wengine ndo mainjinia wenu leo. Mtoto akishajua kusoma kwa lugha anayoiota usiku, ya pili anaidaka. Mjukuu wangu yuko shule hizo za gari la njano, akija kwa bibi yake wanaangaliana tu. Bibi anamwambia "njoo ule", mtoto anamgeukia mama yake atafsiriwe.

#18 Dada wa Mikocheni B
Mzee Kibuyu, shikamoo. Hilo la bibi ni la wazazi, siyo la shule. Kiswahili kinafundishwa huko kama somo, na nyumbani ongeeni Kiswahili. Shida watu wanataka na nyumbani waigize.

#19 Mzee Kibuyu
Marahaba. Haya, nitamwambia mama yake, ila yeye mwenyewe Kiingereza chake ni cha "kamu hia".

#20 Baba Nasra wa Kivule
Nawasoma wote. Mama Tausi, asante sana. Mhasibu umenikosesha usingizi.

Niongeze jambo nililoliacha. Mama Nasra ana mimba ya miezi mitano. Kwa hiyo miaka mitano mbele ni ada mbili. Na kipindi cha kujifungua genge litafungwa.

#21 Mhasibu wa Mtaa
Aisee. Hilo ndo ungeanza nalo! Basi futa hesabu zote za juu. Wa pili akianza awali, Nasra atakuwa la tano. Miaka miwili utalipa mbili kwa mpigo, kama 4,920,000 kwa mwaka kwa bei ya leo. Hiyo ni 410,000 kwa mwezi. Unapokea 650,000. Hata uwe mchawi.

#22 Kijumbe Mstaafu
Mhasibu ana kalamu ila hana mbinu. Sisi tusio na mshahara tunasomesha, na siyo kwa kugawa kwa 12.

Nauza mitumba Ilala Boma. Tuna mchezo wa watu 12, kila mtu 60,000 kwa mwezi, anayepokea anaondoka na 720,000. Awamu ya kwanza ya ada inatoka hapo. Ugomvi ni kwamba Januari kila mtu anaitaka, akina mama wanataka kuuana. Mimi huwa namalizana na mwenye daftari mapema, mwezi wa tano huko, namwachia kitu kidogo ananiandika Januari. Awamu ya pili na ya tatu zinatoka kikoba tunapovunja. Ya nne naungaunga.

Na usilipe gari. Vituo vitatu? Tafuta wazazi wenzako wanne, mlipeni bajaji mmoja mnayemjua, mkubaliane kwa mwezi. Chakula nako, shule nyingine zinakubali mtoto aje na hotipoti yake. Uliza. Ukishatoa gari na chakula umebaki na habari nyingine kabisa.

#23 Msemakweli
Kijumbe, kwa bajaji naomba nipinge. Mtoto wa miaka mitano, bajaji moja watoto sita, dereva amebadilika hujaambiwa. Nimeona mtaani kwetu. Gari la shule angalau lina msimamizi na shule inawajibika.

#24 Kijumbe Mstaafu
Gari la shule lenyewe linampitia mtoto saa kumi na moja alfajiri kwa sababu linazunguka Kitunda yote kabla ya kufika. Mtoto anapanda amelala, anashuka amelala. Wa jirani yangu alirudishwa na gari jioni hajashushwa, kalala siti ya nyuma, wamegundua wakati wa kuosha. Msimamizi alikuwepo.

#25 Chaurembo
Mungu wangu.

#26 Mshauri wa Vipande
Mleta mada usisikilize mambo ya mchezo tu, mwenye daftari akikimbia unamfuata wapi? Kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, upo hata Mfuko wa Watoto, wa tangu 2008, unanunua vipande kwa jina la mtoto kidogo kidogo kwa simu. Mzazi anayeanza mtoto akiwa mchanga anajikuta na kitu cha kuanzia.

#27 Mhasibu wa Mtaa
Mtoto anaanza shule wiki saba zijazo mkuu. Hiyo ya vipande amfungulie aliyeko tumboni. Kwa Nasra imeshapita.

Na tukiwa hapo hapo: Baba Nasra, awamu ikikubana usiende kwa wakopeshaji wa kausha damu. Unachukua laki tatu kulipa ada, unarudisha kila siku mpaka genge linafilisika. Bora umwambie mwalimu mkuu ukweli, wengi wanakubali kupangua awamu kuliko kukupoteza.

#28 Binti wa Pangani
Niko Maskati nafanya kazi za ndani, nasomesha wawili huko nyumbani. Neno langu ni moja: hela ya ada isipite mkononi mwa mtu. Mwaka wa kwanza nilimtumia ndugu, watoto wakafukuzwa mwezi wa nne, hela ikawa imeezeka nyumba. Siku hizi naweka moja kwa moja akaunti ya shule, natumiwa picha ya risiti, nampigia mhasibu wao nahakikisha. Ndugu namtumia ya sukari tu.

#29 Kitunguu Maji
Mimi naona mpelekeni bweni mikoani huko, bei rahisi na bibi yuko karibu. Mtoto anakuwa na adabu.

#30 Mwalimu wa Chaki
Bweni kwa awali mpaka la nne limepigwa marufuku kwa waraka wa 2023. Kitunguu leo huna bahati.

#31 Kitunguu Maji
Kila nikifungua mdomo kuna waraka.

#32 Mkazi wa Upanga
Mbona hakuna aliyetaja shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza? Hapa Dar kuna Olympio, Diamond, Bunge. Arusha kuna Arusha School. Wanachangia ada ila siyo ya kutoa roho kama binafsi, walimu ni wa serikali wenye vyeti.

#33 Dada wa Mikocheni B
Ni nzuri, ila nafasi wanagombania, na madarasa yake nayo siyo ya watoto 30. Halafu mwenzenu anakaa Kivule. Unajua Kivule na Upanga? Mtoto wa miaka mitano aunganishe daladala na makonda wasiotaka mwanafunzi wa nauli ya 200?

#34 Mkazi wa Upanga
Baba anakwenda Kariakoo kila siku. Kariakoo na Upanga ni pua na mdomo. Anamshusha asubuhi anaingia kazini.

#35 Baba Nasra wa Kivule
Hili sikuliwaza. Ila mimi natoka saa kumi na mbili kasoro na kurudi ni saa mbili usiku. Awali wanatoka saa ngapi? Atakaa na nani mpaka nifunge duka? Bosi hawezi kukubali mtoto alale juu ya mifuko ya saruji.

#36 Kisauni Boy
Hamjambo ndugu zangu, niko Mombasa, nawasoma naona ni yale yale. Kwetu masomo ya msingi ya bure yalirudi 2003 wakati wa Kibaki, madarasa yakafurika, sisi wenye vipato vya kuungaunga tukakimbilia akademi za mtaani. Serikali hutoa shilingi 1,420 za Kenya kwa mtoto kwa mwaka, nanyi hesabuni yafaa nini.

Sasa kilichotupata. Mtaala huu wa umilisi ulipofika gredi ya 7 Januari 2023, akademi nyingi ndogo hazikuwa na maabara wala walimu wa sayansi. Mtu kalipa miaka sita, mtoto akarudi skuli ya serikali kutafuta alichokikimbia. Kwa hivyo muulize mwenye skuli, mtaala ukibadilika ana mpango gani? Na nyinyi si ndio kwanza mwabadilisha?

#37 Msemakweli
Kisauni Boy umegusa pabaya. Huku mwaka 2027 wanamaliza la saba wa mwisho wa mfumo wa zamani na la sita wa kwanza wa mfumo mpya, mwaka mmoja. 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikupuo miwili. Nasra hayumo, yeye ni 2032, ila kuna shule za binafsi zitakazotaka kunufaika na hofu hiyo, mtaona matangazo.

#38 Mdadisi Mkuu
Kwani kwa nini serikali isipange ada? Mbona nauli wanapanga?

#39 Mwalimu wa Chaki
Ada elekezi ilisemwa sana miaka ya 2015 na 2016, ikazimika. Wenye shule walisema wanalipa kodi, mikopo ya majengo na mishahara kutoka kwenye ada hiyo hiyo. Kuna ukweli wake na kuna ghorofa la Mama Tausi.

#40 Mtu wa Tandika
Mnasema kayumba bure kana kwamba ni bure kweli. Wangu yuko la pili. Uji, mlinzi, mtihani wa kila Ijumaa 500, karatasi, twisheni ya mchana 500 kwa siku. Twisheni peke yake kwa siku 20 za mwezi ni 10,000, miezi kumi laki moja. Na twisheni ni ya mwalimu yule yule wa asubuhi, usipolipa mtoto anatolewa nje wenzake wanaendelea. Kwa mwaka sitoki chini ya laki mbili na nusu.

Lakini laki mbili na nusu siyo milioni mbili na nusu. Tofauti nampa kijana wa mtaani aliyemaliza chuo cha ualimu, hajaajiriwa, anakuja nyumbani siku nne kwa wiki, nampa 60,000 kwa mwezi. Watoto watatu wanakaa kwenye meza yangu, mmoja wangu, wawili wa jirani, na jirani anachangia. Kiingereza anawafundisha kwa kuongea, "bring the bucket", mtoto analeta ndoo. Nimeshamweka kidole cha Mama Tausi, anasoma.

#41 Chaurembo
Mtu wa Tandika, huyo kijana anafika Mbagala?

#42 Dada wa Mikocheni B
Inafanya kazi mpaka kijana apate ajira. Zikitangazwa nafasi anaenda Tunduru, mtoto anabaki na meza.

#43 Mtu wa Tandika
Akienda atakuja mwingine, wako wengi mno wanasubiri. Ndo hali yenyewe, sijasema ni nzuri.

#44 Mama Tausi
Naongeza kitu cha kuhama maana hakuna aliyekisema. Baba Nasra, ukianza binafsi na ukashindwa, mtoto akishakuwa la kwanza na kuendelea ana namba ya PREM, yaani ya kumbukumbu zake kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Kuhama kunafanyika kwenye mfumo, shule anayotoka lazima imwachie. Kama unadaiwa, wanakaa nayo. Mimi nilidaiwa awamu moja, mtoto alikaa kayumba muhula mzima anahudhuria lakini jina halipo kwenye orodha. Nikauza cherehani.

#45 Kijumbe Mstaafu
Wengine wanasema mtoto wa binafsi hapokelewi serikalini kabisa.

#46 Mwalimu wa Chaki
Uzushi. Anapokelewa, ni uhamisho kama mwingine. Kinachokwamisha ni deni, hilo Mama Tausi kasema kweli. Ushauri wangu: ukiona la kwanza linakushinda, hama Desemba ukiwa umemaliza kulipa, usisubiri ufukuzwe Aprili.

Pia uliza usajili. Kituo cha kulelea watoto wadogo kinasajiliwa Ustawi wa Jamii, darasa la awali linasajiliwa Wizara ya Elimu. Kuna wenye cha kwanza tu wanapokea ada ya la kwanza.

#47 Mdadisi Mkuu
Naona watu wanazunguka. Ushahidi wa Mtu wa Tandika ndio hoja yangu, mzazi akifuatilia mtoto anafaulu popote.

#48 Dada wa Mikocheni B
Ushahidi wake ndio hoja ya Mwalimu. Meza yenye watoto watatu. Ni idadi.

#49 Mzee Kibuyu
Ni ndoo. Mmesahau ndoo.

#50 Baba Nasra wa Kivule
Jumamosi naenda pale shuleni na gazeti langu. Nitahesabu vichwa, nitauliza usajili, nitauliza kama hotipoti inaruhusiwa. Mama Nasra ameshasoma uzi wote, amesema Mhasibu asikanyage gengeni kwake.

Swali la pembeni, huo usaili wa 20,000 mtoto wa miaka mitano anaulizwa nini?

#51 Mhasibu wa Mtaa
Mwambie shemeji nyanya zake nitazinunua kwa jirani basi.

#52 Kijumbe Mstaafu
Wangu aliulizwa rangi. Mwalimu akanyoosha penseli ya kijani, akajibu. Ya njano, akajibu. Akanyoosha nyekundu, mtoto akakunja mikono, akasema hiyo ya Simba, baba amesema tusiitaje. Nikajua elfu ishirini imekwenda.

#53 Chaurembo
Wakampokea?

#54 Kijumbe Mstaafu
Walimpokea. Mwalimu mkuu ni mwananchi mwenzetu wa Yanga.

#55 Kitunguu Maji
Huo ndo mchujo aliousema Mdadisi. Mnyama tunaonewa mpaka awali.